Dozi Moja Kabla ya Kisu: Mwongozo Kamili wa Antibayotiki za Kinga kwa Mama Anayejifungua kwa Upasuaji

Mama anayejifungua kwa upasuaji ana hatari ya kupata maambukizi mara 5 hadi 20 zaidi ya yule anayejifungua kwa njia ya kawaida. Hatari hiyo haitoki kwenye ngozi iliyokatwa peke yake. Chupa ikishapasuka, vijidudu hupanda kutoka ukeni kupitia mlango wa kizazi, na vikifika kwenye mfuko wa uzazi vinakuta nyama iliyokatwa, damu iliyoganda na nyuzi za kushonea. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 95 zenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba antibayotiki za kinga hupunguza maambukizi ya kidonda na ya mfuko wa uzazi kwa takriban asilimia 60, na maambukizi makali kwa karibu asilimia 70. Dawa chache sana katika uzazi zina faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Tatizo linaloonekana katika hospitali nyingi za kanda yetu si uhaba wa antibayotiki. Mama anapewa nyingi, ila anaanza kuzipata akiwa tayari ameshashonwa, kisha anaendelea nazo wodini siku 5 au 7. Anakuwa ametumia dawa nyingi na kupata kinga kidogo. Hilo ndilo tunalotaka libadilike, na linabadilika bila mashine mpya wala fedha nyingi.

Mwongozo huu ni wa wanaoshika kazi yenyewe: wakunga, wauguzi wa thieta, wataalamu wa usingizi, na madaktari wa hospitali za wilaya na vituo vya afya vinavyofanya upasuaji wa dharura. Pale mwongozo wa taifa au wa hospitali yako unapotaja dawa nyingine, fuata huo. Suala la wakati wa kutoa halibadiliki, dawa iwe ipi.

Sababu ya kuwahi

Mara kisu kinapopita kwenye ngozi, vijidudu vinaingia. Vile vya ngozini, hasa Staphylococcus aureus, vinashukia kwenye mafuta na msuli. Vile vya ukeni na utumboni, kama Escherichia coli na bakteria wasiohitaji hewa, vinapata njia mfuko wa uzazi unapofunguliwa. Kinga ni dawa kuwa imeshafika kwenye nyama hizo kabla ya vijidudu kufika. Damu inayoganda kwenye jeraha ikiwa na dawa ndani yake inakuwa mahali pagumu kwa bakteria kuzaliana. Ikiganda bila dawa, dozi utakayoitoa nusu saa baadaye itazunguka kwenye mishipa lakini itapenya kwa shida ndani ya donge hilo na kwenye nyama iliyobanwa na nyuzi.

Kwa miaka mingi madaktari walisubiri hadi kitovu kibanwe ndipo watoe dawa. Hofu ilikuwa mbili: mtoto asipate dawa asiyoihitaji, na dalili za maambukizi yake zisifichwe. Tafiti zilizolinganisha nyakati hizo mbili zimemaliza ubishi. Waliopewa kabla ya kukatwa walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 43 kuliko waliopewa baada ya kitovu kubanwa, na watoto wao hawakuugua zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaelekeza dozi itolewe ndani ya dakika 30 hadi 60 kabla ya ngozi kukatwa, kwa upasuaji uliopangwa na wa dharura vilevile.

Kuwahi mno nako kuna hasara. Sefazolini, ambayo ndiyo dawa ya chaguo la kwanza, hupungua nusu katika damu kila baada ya saa 2 hivi. Mama aliyechomwa wodini saa 12 asubuhi na kukatwa saa 4 anaingia chini ya kisu akiwa na robo tu ya dawa aliyopewa.

Hatua ya 1: Chagua dawa

Chaguo la kwanza ni sefazolini, antibayotiki ya kizazi cha kwanza katika ukoo wa sefalosporini. Inawaweza vizuri bakteria wa ngozini na sehemu kubwa ya wale wa utumboni wanaohusika na kidonda cha uzazi, ni salama kwa mama na mtoto, na bei yake ni ya chini. Mwaka 2021 WHO ilisisitiza kwamba kwa upasuaji wa kujifungua itumike dozi moja ya sefalosporini ya kizazi cha kwanza au ya penisilini, kabla ya kufikiria makundi mengine. Pasipo na sefazolini, ampisilini gramu 2 inafaa.

Seftriaksoni ndiyo iliyozoeleka kwetu, kwa sababu ipo karibu kila stoo ya dawa na inachomwa mara moja kwa siku. Kwa kazi ya kinga haistahili nafasi hiyo. Nguvu yake dhidi ya Staphylococcus aureus ni ndogo kuliko ya sefazolini, na kila inapotumika bila sababu inakuza bakteria sugu katika utumbo wa mama na katika wodi nzima. WHO imeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, wakati sefazolini ipo kwenye kundi la zile zinazopaswa kupatikana kila mahali. Seftriaksoni ni silaha ya kutibu homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na maambukizi ya damu. Ikitumika ovyo thieta, itakosa nguvu pale itakapohitajika kuokoa maisha.

Kama siku hiyo ni seftriaksoni pekee iliyopo, toa dozi moja, kabla ya kisu, na uishie hapo. Usiichanganye wala kuipitisha pamoja na dripu ya Ringer's lactate. Dripu hiyo ina kalisi, na kalisi ikikutana na seftriaksoni hutengeneza chembe ngumu ndani ya mrija. Simamisha dripu, safisha mrija kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, choma dawa, safisha tena, ndipo uendelee.

Metronidazo ya dripu nayo huongezwa kwa mazoea. Kwa mama asiye na dalili za maambukizi, dozi ya sefazolini inatosha bila hiyo. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti iepukwe hasa pale mtoto ni njiti, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa hatari wa kuoza utumbo kwa watoto hao.

Kwa upande wa stoo, hesabu ni rahisi. Hospitali inayofanya upasuaji 40 wa kujifungua kwa mwezi inahitaji vichupa 80 vya gramu 1, ukiongeza kumi kwa ajili ya wanawake wazito na dozi za pili inakuwa 90. Kwa robo mwaka ni 270. Peleka hesabu hiyo kwa mfamasia kabla ya oda ya robo mwaka kwenda Bohari ya Dawa ya Tanzania au KEMSA, wakala wa dawa wa serikali ya Kenya, si siku ambayo kichupa cha mwisho kinafunguliwa.

Hatua ya 2: Maswali matatu kabla ya kufungua kichupa

Swali la kwanza ni mzio. Usiulize tu "una aleji?", kwa sababu wengi watajibu hapana au watataja vumbi na samaki. Uliza: umewahi kuchomwa sindano ya penisilini au kunywa amoksilini ukavimba uso, ukabanwa kifua, ukazimia, au ngozi ikababuka? Aliyewahi kupata vipele vidogo au kuharisha anaweza kupewa sefazolini. Umbo lake la kikemia linatofautiana na penisilini kiasi kwamba ni nadra mwili kuzichanganya. Aliyewahi kuvimba koo, kubanwa pumzi, kuanguka presha au kubabuka ngozi apewe klindamaisini pamoja na jentamaisini.

Swali la pili ni uzito. Tumia uzito wa sasa, si ule wa kadi ya kliniki ya miezi ya mwanzo. Mama asiyeweza kusimama kwenye mizani akadiriwe na watu wawili, na makadirio yaandikwe.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: je, huyu anahitaji kinga au tiba? Mama mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, moyo unaokwenda mbio, maji ya uzazi yenye harufu mbaya na tumbo linalouma akiguswa, tayari ana maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi. Dozi moja haitamtosha. Anatakiwa kuanza matibabu mara ugonjwa unapotambuliwa: ampisilini gramu 2 kila saa 6 na jentamaisini mg 5 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku, na akifanyiwa upasuaji aongezewe dawa ya bakteria wasiohitaji hewa, kama metronidazo mg 500. Hakikisha kisu hakimkuti akiwa na dozi ya ampisilini iliyopitiliza saa 2. Kama imepita, rudia kwanza.

Kinyume chake pia hutokea. Mama aliyekuwa akinywa erithromaisini kwa sababu chupa ilipasuka mapema, au vidonge vya UTI, hudhaniwa amekwisha kupata kinga. Hajapata. Mpe dozi kamili ya kinga kama mwingine yeyote. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anapewa dawa ileile kwa kipimo kilekile.

Hatua ya 3: Kipimo na kuchanganya

Sefazolini: gramu 2 kwa mama mwenye uzito chini ya kilo 120, gramu 3 kwa mwenye kilo 120 au zaidi. Kosa linalojirudia ni kutoa gramu 1 kwa sababu kichupa kina gramu 1. Gramu 1 inaweza kumtosha mama mwembamba, lakini mafuta mengi ya tumbo hupata damu kidogo, kwa hiyo kwa mama mzito dawa haifiki kwa kiwango kinachoua bakteria. Gramu 2 kwa wote walio chini ya kilo 120 inaondoa kazi ya kukisia wakati wa haraka.

Chukua bomba la ml 20, sindano ya kuchanganyia, vichupa viwili vya gramu 1 na maji ya sindano ml 20. Soma jina na tarehe ya mwisho kwenye kila kichupa, kisha soma tena kwa sauti mwenzako asikie. Futa kizibo cha mpira kwa pamba yenye spiriti, acha kikauke. Ingiza ml 10 za maji katika kila kichupa, tikisa hadi unga uishe kabisa na maji yawe angavu. Yakibaki na ukungu au chembe, tupa. Vuta vyote kwenye bomba moja, bandika lebo yenye jina la dawa, kipimo na saa. Choma taratibu kwenye kanula (mrija mdogo uliowekwa kwenye mshipa) kwa dakika 3 hadi 5, kisha sukuma ml 10 za chumvi ya asilimia 0.9 ili dawa isibaki kwenye mrija. Changanya pale pale unapotaka kutoa. Bomba lililoandaliwa asubuhi na kulazwa kwenye trei bila lebo ni hatari, kwani kando yake kuna oksitosini, ile ya kukaza mfuko wa uzazi, na dawa za ganzi.

Usitumie lignokeini kuchanganyia. Hiyo ni kwa sindano ya msuli tu, na kinga ya upasuaji haitolewi kwenye msuli.

Ampisilini: gramu 2, yaani vichupa vinne vya mg 500, kila kimoja kikichanganywa na ml 5 za maji ya sindano. Hii inahitaji subira, dakika 10 hadi 15 kwa dozi nzima, kwa sababu ikisukumwa haraka inaweza kuleta degedege. Jambo hilo linachanganya vibaya kwa mama mwenye presha ya ujauzito, maana wote watadhani ni kifafa cha mimba.

Kwa mwenye mzio mkali: klindamaisini mg 900 na jentamaisini mg 5 kwa kilo. Ampuli ya klindamaisini yenye ml 2 ina mg 300, kwa hiyo zinahitajika 3. Ziweke kwenye chumvi ya asilimia 0.9 ml 100 na zipite kwa dakika 30. Klindamaisini haisukumwi kwa bomba kamwe, inaweza kusimamisha moyo. Jentamaisini ya kwetu huja kwenye ampuli za mg 80 ndani ya ml 2. Mama wa kilo 64 anahitaji mg 320, yaani ampuli 4, ambazo ni ml 8, ndani ya chumvi ml 100 nyingine, kwa dakika 30 hadi 60. Kwa mama mnene sana jentamaisini ihesabiwe kwa uzito uliorekebishwa: uzito unaofaa kwa urefu wake, ongeza asilimia 40 ya kile kilichozidi.

Jentamaisini ina tahadhari mbili. Mama mwenye figo zilizochoka au mkojo uliopungua asipewe bila daktari kuamua. Na mama aliye kwenye magnesiamu salfeti kwa ajili ya kifafa cha mimba anaweza kulegea misuli ya kupumulia dawa hizo mbili zinapokutana. Hesabu pumzi zake na pima mishtuko ya goti kwa ukaribu, na kalsiamu glukoneti iwe mkononi.

Hatua ya 4: Saa ya kuchoma

Kwa upasuaji uliopangwa, dozi itolewe thieta, mama anapoingia, kabla ya ganzi ya mgongo. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: 07:40 mama anafika na kanula inakaguliwa, 07:45 sefazolini inachomwa, 07:55 ganzi ya mgongo, 08:15 kisu. Dawa imepata nusu saa kamili, na hakuna aliyelazimika kusubiri.

Sababu ya kuitoa kabla ya ganzi ni ya usalama. Ganzi ya mgongo hushusha presha, na mzio mkali pia hushusha presha. Ukichoma vyote viwili kwa wakati mmoja, dakika muhimu zitapotea mkibishana ni kipi. Ukichoma antibayotiki kwanza na mama akaanza kuwashwa mwili mzima, kukoroma kifua, kuvimba midomo au kuzimia, jibu liko wazi. Simamisha dawa, choma adrenalini mg 0.5 (ml 0.5 ya 1:1,000) kwenye msuli wa paja upande wa nje, mlaze ukiwa umeuinamisha mwili wake kushoto ili tumbo lisibane mshipa mkubwa wa damu, mpe oksijeni na dripu ya haraka, rudia adrenalini baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Ampuli ya adrenalini ikae kwenye trei ya usingizi, si kwenye kabati lililofungwa.

Kwa dharura, usimsubirishe mtoto ili dakika 30 zitimie. Uamuzi wa kupasua ukishafanyika, mkunga aliyeko leba achome dozi papo hapo wakati machela inaletwa, mradi safari ya thieta haichukui zaidi ya dakika chache na kuna mtu wa kumwangalia mama njiani. Dakika 15 ni bora kuliko sifuri, na hata dozi inayochomwa wakati ngozi inasafishwa ina faida. Ikigundulika katikati ya upasuaji kwamba imesahaulika, itolewe hapo hapo. Kwa mwenye mzio anayehitaji dripu ya klindamaisini, ianze na iendelee huku upasuaji ukiendelea.

Mama aliyepelekwa kutoka kituo kidogo kwenda hospitali kubwa anahitaji barua inayosema dawa gani, kipimo gani na saa ngapi. Bila maandishi hayo, mpokeaji achukulie hajapewa, baada ya kuuliza mama mwenyewe au ndugu aliyemsindikiza.

Hapa kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Andika saa kwa mfumo wa saa 24, mathalani 08:10. Ukiandika "saa 2:10" kwenye faili, anayefuata anaweza kuisoma kama saa nane na dakika kumi usiku, na hesabu yote ya dakika inaharibika. Saa iwe moja, ile ya ukutani thieta, kwa dozi na kwa kisu.

Hatua ya 5: Swali moja la lazima kabla ya kukata

Orodha ya usalama ya upasuaji ya WHO ina swali la kama antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60. Lisomwe kwa sauti na lijibiwe kwa dawa na saa: "Sefazolini gramu 2, 07:45." Jibu la "ndiyo" halitoshi, kwa sababu mara nyingi lina maana ya "nadhani wodini walimpa". Mpeni mtu mmoja jukumu la kuchoma. Kwa upasuaji uliopangwa tunapendekeza awe mtaalamu wa usingizi, kwa kuwa ndiye anayemwona mama muda wote na ndiye mwenye kanula mkononi. Dozi inayodhaniwa kuwa ya daktari na muuguzi na mkunga kwa pamoja mara nyingi haichomwi na yeyote.

Hatua ya 6: Lini kurudia

Sefazolini hurudiwa kama upasuaji umefika saa 4 tangu dozi ilipotolewa (si tangu kukata), au damu iliyopotea imezidi ml 1,500. Damu ikimwagika na dripu zikaingia, dawa inatoka na iliyobaki inachujuka. Dozi ya pili ni sawa na ya kwanza. Ampisilini inatoka mwilini haraka, hivyo kwake ni baada ya saa 2. Jentamaisini hairudiwi. Kwenye heka heka za kuzuia damu hakuna anayekumbuka antibayotiki, kwa hiyo anayehesabu damu ndiye atamke: "Imepita 1,500, sefazolini ya pili."

Hatua ya 7: Acha

Upasuaji ukiisha salama, antibayotiki imeisha. Hakuna sindano za saa 24, hakuna vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hatua hii ni ngumu kuliko zote kwa sababu inakwenda kinyume na mazoea na hofu: mazingira yetu ni machafu, wodi imejaa, mama analala na jirani kitanda kimoja, tutamwachaje bila dawa?

Hofu hiyo ina chimbuko la upendo na haipaswi kudharauliwa. Jibu lake limepatikana hapa hapa kwetu. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanawake 500 waligawanywa kwa nasibu: nusu walipata dozi moja ya jentamaisini na metronidazo kabla ya kukatwa, nusu nyingine wakaendelea nazo kwa saa 24. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha maambukizi ya kidonda kwa asilimia 4.8 ya waliopata dozi moja na asilimia 6.4 ya waliopata nyingi. Mwaka huohuo ulichapishwa uzoefu wa Hospitali ya Thika, Kenya, ambako karibu kila mgonjwa wa upasuaji alikuwa akipewa antibayotiki baada ya upasuaji na karibu hakuna aliyepewa kabla. Walipogeuza utaratibu, maambukizi hayakuongezeka, yale ya juu ya ngozi yalipungua, na fedha za dawa na mabomba zikaokolewa.

Siku saba za dawa zina madhara yanayoonekana: kanula inayokaa muda mrefu inaleta uvimbe na maambukizi ya mshipa, mama anaharisha, anapata fangasi ukeni, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anatumia saa nzima kuchanganya sindano ambazo hazimsaidii mtu. Kama daktari anaona sababu ya kuendelea, aandike ugonjwa anaoutibu. Neno "kinga" lisikubaliwe kama sababu ya dozi baada ya upasuaji.

Azithromaisini: pale inapofaa

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 14 za Marekani kwa wanawake 2,013 waliopasuliwa wakiwa kwenye uchungu au chupa ikiwa imeshapasuka. Walioongezewa azithromaisini mg 500 ya dripu juu ya dozi ya kawaida walipata maambukizi kwa asilimia 6.1, dhidi ya asilimia 12 kwa wenzao. Kama hospitali yako inayo na mwongozo unaruhusu, iweke kwenye ml 250 za chumvi na ipite kwa saa 1. Haisukumwi, na upasuaji hausubiri iishe. Kwa upasuaji uliopangwa ambao uchungu haujaanza, haihitajiki.

Yasiyofanywa na dawa

Antibayotiki haiwezi kufidia uzembe wa mikono. Usinyoe kwa wembe. Wembe unakwaruza ngozi na kuwapa vijidudu nyumba. Nywele zikizuia mshono, zikatwe kwa mkasi au mashine siku hiyohiyo. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini yenye spiriti na iachwe ikauke yenyewe, angalau dakika 3. Ikiwa bado mbichi na mashine ya kuchoma mishipa ikawashwa, moto unaweza kulipuka.

Uke usafishwe kwa povidoni ayodini kabla ya kuanza, kwa angalau sekunde 30. Faida ni kubwa zaidi kwa mama ambaye chupa imepasuka. Klorheksidini yenye spiriti isiingizwe ukeni kamwe. Kondo litolewe kwa kuvuta kitovu taratibu huku mfuko wa uzazi ukikaza, si kwa kuingiza mkono, maana mkono huongeza maambukizi ya mfuko wa uzazi. Mafuta ya chini ya ngozi yenye unene wa sentimita 2 au zaidi yashonwe. Na unga wa antibayotiki usinyunyizwe kwenye kidonda. Hausaidii.

Siku 30 za kumfuatilia

Maambukizi mengi hujitokeza mama akiwa ameshaondoka, kwa hiyo hospitali isiyofuatilia itajiona haina tatizo. Kabla ya ruhusa, mweleze mama na anayekwenda kumhudumia nyumbani dalili za kurudi nazo: homa, mshono unaotoa maji au usaha, wekundu unaoenea, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Plasta iondolewe baada ya saa 24 hadi 48, na mshono ukae mkavu na safi. Mwambie waziwazi asipake majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge vilivyosagwa. Chukua namba ya simu, ya kwake na ya ndugu, na muuguzi ampigie siku ya 7, ya 14 na ya 30.

Anayerudi na usaha hatibiwi kwa kumwandikia vidonge na kumrudisha nyumbani. Fungua sehemu ya mshono iliyojaa, toa usaha, angalia kama ukuta wa ndani wa tumbo umeshikana, osha kwa chumvi ya asilimia 0.9, na chukua sampuli ya maabara kabla ya antibayotiki yoyote mpya. Penye homa au wekundu unaoenea, anza tiba, na isiwe ile dawa ya kinga iliyoshindwa. Mwenye homa na maumivu ya mfuko wa uzazi apewe klindamaisini na jentamaisini za mshipa hadi akae saa 24 hadi 48 bila homa.

Kila mwezi, toa faili 20 za upasuaji wa kujifungua bila kuchagua. Hesabu mambo manne: waliopata dozi ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, waliopata kipimo sahihi kwa uzito, waliosimamishiwa dawa baada ya upasuaji, na waliopata maambukizi ndani ya siku 30. Bandika namba hizo ukutani thieta, penye macho ya wote, zikiwa na mwezi uliopita pembeni. Faili isiyo na saa ya dozi ihesabiwe kuwa dozi haikutolewa.